Mshika Mbili Moja Humponyoka: Kumbukumbu Tendaji na Ugonjwa wa Demensia Uzeeni

Bibi mwenye umri wa miaka 74 ameteleka chungu cha maharage jikoni. Mjukuu wake anaingia na kumwuliza ni nani aliyeipanda miembe iliyo nyuma ya nyumba. Bibi anageuka na kumsimulia kwa ufasaha: aliyeipanda ni marehemu mumewe, mwaka ule mvua za vuli zilipochelewa, na miche aliinunua kwa mtu wa ng'ambo ya mto. Masimulizi yanapokwisha, jiko limejaa moshi. Maharage yameungua, na bibi anashangaa kuambiwa kwamba kulikuwa na kitu motoni. Hii ni mara ya tatu katika majuma mawili. Mkwewe anasema ni uzembe. Jirani anasema ni uzee tu. Wengine wananong'ona mambo mabaya zaidi ya hayo.

Kisa hiki ni cha mfano tu, lakini walio na wazee nyumbani watakitambua mara moja. Ndani yake mna swali ambalo limewashughulisha wanasayansi kwa muda mrefu: inawezekanaje mtu akumbuke vizuri jambo la miaka arobaini iliyopita, kisha apotewe na jambo la dakika tano zilizopita? Tena, kwa nini upotevu huo hutokea hasa pale anapokuwa na mambo mawili mkononi kwa wakati mmoja? Jibu la swali hili si la kuridhisha udadisi peke yake. Linaamua iwapo mzee atalaumiwa au atasaidiwa.

Demensia ni nini

Demensia si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo uwezo wa mtu wa kukumbuka, kufikiri, kupanga na kutumia lugha hupungua kiasi cha kumzuia asiweze kuendesha maisha yake ya kila siku kama alivyozoea. Hali hiyo husababishwa na maradhi mbalimbali ya ubongo. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza, nao unakadiriwa kuwa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya demensia zote. Chanzo kingine kikubwa ni kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, ambako mara nyingi hufuatana na shinikizo la damu na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na demensia, na kwamba zaidi ya asilimia 60 yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo haifai kuiita hali hii maradhi ya nchi tajiri.

Ni kweli kwamba demensia huongezeka kadiri umri unavyosonga mbele, lakini haifuati kwamba kila mzee ataipata. Wazee wengi hufikia miaka 80 na zaidi bila kuwa nayo. Mzee mwenye afya anaweza kuchelewa kulikumbuka jina la mtu, kisha likamjia baadaye. Mwenye demensia anaweza kusahau kwamba mtu huyo alimtembelea asubuhi ile ile.

Daktari aliyeupa ugonjwa huo jina lake, Mjerumani Alois Alzheimer, alianza kumchunguza mgonjwa wake maarufu mwezi Novemba mwaka 1901 katika mji wa Frankfurt. Mgonjwa huyo, Auguste Deter, alikuwa na umri wa miaka 51 tu. Jalada la mgonjwa huyo lilipotea kwa miaka mingi, likapatikana tena mwaka 1995. Miongoni mwa mambo yaliyoandikwa humo mna jambo dogo lenye maana kubwa. Alipoambiwa aandike jina lake kamili, mama yule aliandika neno la kwanza tu, yaani "Bibi", kisha akasahau yaliyobaki. Ikabidi akumbushwe neno moja baada ya jingine. Kilichomponyoka ni ile kazi aliyokuwa akiifanya wakati ule ule. Baada ya kifo chake mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta vibandiko nje ya seli za neva na nyuzi zilizosokoteka ndani ya seli hizo. Mwaka 1910 mwalimu wake Emil Kraepelin aliuita ugonjwa ule kwa jina la Alzheimer.

Kumbukumbu haiko moja

Katika mazungumzo ya kawaida neno "kumbukumbu" hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, mfano wa ghala lenye mlango mmoja. Uchunguzi wa karne ya 20 ulionyesha kwamba sivyo.

Mwaka 1953 kijana wa Kimarekani, Henry Molaison, aliyekuwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo ili kumponya kifafa kikali. Daktari aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi, ambayo ni kiungo kidogo kilichopinda, kilicho ndani ya ubongo upande wa kushoto na wa kulia. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza kuyahifadhi mambo mapya. Kila alipokutana na mwanasaikolojia Brenda Milner, ambaye alimchunguza kwa miaka mingi, ilikuwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Hata hivyo, alipotajiwa tarakimu chache na kutakiwa azirudie papo hapo, alizirudia kama mtu yeyote. Basi ikadhihirika kwamba kushika jambo kwa sekunde chache ni kazi tofauti na kulihifadhi kwa siku na miaka.

Uwezo wa kushika mambo kwa muda mfupi una mpaka. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Kimarekani George Miller aliandika kwamba mtu mzima huweza kushika takriban vitu saba, ukiongeza au kupunguza viwili. Mwaka 2001 mtaalamu mwingine, Nelson Cowan, alionyesha kwamba mtu akizuiwa kuyarudiarudia mambo moyoni na kuyapanga katika mafungu, idadi hiyo hushuka mpaka kama vinne.

Lakini kushika tu hakutoshi. Mwanafunzi akiambiwa azidishe 24 kwa 3 bila kalamu, huanza na 20 mara 3, akapata 60. Inambidi aishike 60 hiyo wakati anapozidisha 4 mara 3. Kisha airudie, aijumlishe na 12, apate 72. Hapo anashika na kutenda kwa pamoja. Uwezo huo wa kushika habari huku ukiifanyia kazi ndio uitwao kumbukumbu tendaji. Ndio unaomwezesha mtu kufuata sentensi ndefu mpaka mwisho, kuhesabu chenji sokoni, au kusimulia hadithi bila kusahau chungu kilicho motoni.

Msimamizi na wasaidizi wake

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walitoa nadharia ambayo mpaka leo inatumika sana. Waliwapa watu tarakimu za kushika kichwani, na wakati huo huo wakawatakia wakate shauri iwapo sentensi fulani ni za kweli au si za kweli. Ikiwa kumbukumbu ya muda mfupi ni chombo kimoja tu, basi tarakimu sita zingekijaza, na uwezo wa kufikiri ungezimika. Haikuwa hivyo. Watu walichelewa kidogo kujibu, lakini makosa yao hayakuongezeka kwa kiasi cha kutajika. Kwa hiyo, walisema wataalamu hao, lazima kuna zaidi ya chombo kimoja.

Kwa maelezo yao, kumbukumbu tendaji inafanana na karakana ndogo yenye msimamizi mmoja na wasaidizi wawili. Msaidizi wa kwanza hushughulikia sauti na maneno. Ndiye anayefanya kazi mtu anapojirudia moyoni namba ya simu mpaka aipate kalamu. Huyu anaweza kuitwa kitanzi cha sauti. Msaidizi wa pili hushika maumbo na mahali. Ndiye anayetumika mtu anapowaza njia ya kwenda kisimani bila ya kuiona. Huyu ni ubao wa picha. Juu yao yuko msimamizi mkuu, ambaye hahifadhi kitu yeye mwenyewe. Kazi yake ni kugawa usikivu, kuamua lipi litangulie, na kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila ya kuipoteza ile ya kwanza. Mwaka 2000 Baddeley aliongeza sehemu ya nne, inayounganisha habari za wasaidizi wote na zile za kumbukumbu ya muda mrefu ziwe tukio moja.

Msomaji asidhani kwamba ndani ya kichwa mna vyumba vyenye milango. Huu ni mfano wa kufikiria, kama vile ramani ilivyo mfano wa nchi. Hata hivyo, kuna ushahidi wa kimwili unaoafikiana nao. Mwaka 1971 Joaquín Fuster na mwenzake Garrett Alexander, huko Marekani, walirekodi umeme wa seli za neva katika sehemu ya mbele ya ubongo wa nyani, nyuma ya paji la uso. Nyani alionyeshwa mahali chakula kilipofichwa, kisha akangojeshwa. Seli kadhaa ziliendelea kufanya kazi muda wote wa kungoja, ingawa hapakuwa na kitu cha kutazama.

Jaribio la kazi mbili

Hapo ndipo swali la wagonjwa lilipoingia. Baddeley na Robert Logie, wakiwa Uingereza, walishirikiana na madaktari wa mishipa ya fahamu wa Milan, Italia, wakiwamo Sergio Della Sala na Hans Spinnler. Dhana yao ilikuwa hii: huenda ugonjwa wa Alzheimer, pamoja na kuharibu uwezo wa kuhifadhi mambo mapya, humharibu pia yule msimamizi mkuu. Ikiwa ni hivyo, mgonjwa atashindwa hasa pale anapotakiwa kufanya kazi mbili kwa pamoja.

Kulijaribu jambo hili si rahisi kama inavyoonekana. Tuseme mgonjwa na kijana wamepewa kazi ile ile mbili, na mgonjwa akashindwa. Je, ameshindwa kwa sababu hawezi kuunganisha kazi mbili, au kwa sababu kila kazi peke yake ilikuwa tayari inamwelemea? Atakayebebeshwa debe zima la maji na atakayebebeshwa nusu debe hawawezi kulinganishwa kwa mwendo wao.

Watafiti walilitatua tatizo hili kwa njia ambayo ni funzo kwa kila mwanafunzi wa sayansi. Badala ya kuwapa watu wote kazi yenye ugumu mmoja, walimpa kila mtu kazi inayolingana na uwezo wake. Kazi ya kwanza ilikuwa kufuata kwa kalamu maalumu alama iliyokuwa ikitembea katika kioo cha kompyuta. Mwendo wa alama ulirekebishwa mpaka kila mtu akawa anaipata kwa kiwango kinachokaribiana na cha wenzake. Kazi ya pili ilikuwa kurudia tarakimu; na hapa pia kila mtu alipewa urefu aliouweza mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha kazi hizo, makundi yote matatu, yaani wagonjwa wa Alzheimer, wazee wenye afya wa umri kama wao, na vijana, yalikuwa sawa. Tofauti yoyote ambayo ingejitokeza baada ya hapo ingetokana na kule kuunganisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Kazi ya tarakimu ilipounganishwa na ile ya kufuata alama, wazee wenye afya hawakuporomoka kuliko vijana. Wagonjwa waliporomoka vibaya. Mshika mbili moja humponyoka, wahenga walisema. Lakini hapa ilionekana kwamba wazee wazima waliweza kuzishika zote mbili, na walioponyokwa ni wagonjwa.

Mwaka 1991 kundi lile lile lilitoa taarifa ya pili. Wagonjwa walipimwa mara tatu, kila baada ya miezi sita. Katika kipindi hicho uwezo wao wa kufanya kazi moja moja ulibaki karibu pale pale, lakini uwezo wa kufanya mbili pamoja uliendelea kushuka. Mtu angeweza kupinga kwamba kazi mbili ni ngumu kuliko moja, basi kilichopimwa ni ugumu tu. Watafiti walilifikiria pingamizi hilo. Waliwapa wagonjwa kazi moja yenye viwango mbalimbali vya ugumu, wakaona kwamba kadiri ugonjwa ulivyozidi, pengo baina ya kazi rahisi na kazi ngumu halikupanuka. Kwa hiyo, shida haikuwa ugumu wenyewe, bali ni kugawa usikivu.

Nje ya maabara

Ingekuwa hasara kama maarifa haya yangeishia katika kufuata alama kiooni. Mwaka 1992 watafiti wa Milan na wenzao walichunguza mazungumzo. Waliwaonyesha watu maongezi yaliyorekodiwa, wasemaji wakiwa wachache au wengi, kisha wakauliza nani alisema nini. Kadiri wasemaji walivyoongezeka, ndivyo wagonjwa wa Alzheimer walivyozidi kupotea. Jambo hili linaeleza kwa nini mzee anaweza kuzungumza vizuri na mtu mmoja asubuhi, lakini jioni jamaa wote wanapokusanyika, kila mmoja akisema lake na redio ikilia pembeni, yeye hunyamaza, hukasirika au huondoka. Wengi hudhani amenuna. Huenda amezama katika wingi wa sauti.

Uchunguzi mwingine ulifanyika Uswidi, ukachapishwa mwaka 1997. Watafiti walitembea na wazee 58 waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee, nao wakawasemesha njiani. Wazee 12 walisimama kila waliposemeshwa, kwa sababu hawakuweza kutembea na kuzungumza kwa pamoja. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Kutembea, ambako kijana hukufanya bila ya kufikiri, kwa mzee dhaifu kunataka usikivu. Na usikivu ukigawanywa, mguu hukosa. Kwa mzee kuanguka si jambo dogo, kwani nyonga ikivunjika huenda asiinuke tena.

Kipimo na lugha ya mpimwaji

Kuna jambo ambalo watafiti wa Afrika Mashariki hawawezi kulipuuza. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa Ulaya na Marekani kwa watu waliosoma shule. Je, vikitafsiriwa tu, vitapima kile kile?

Funzo moja lilitoka Wales. Mwaka 1980 Nick Ellis na R. A. Hennelly walichunguza kwa nini watoto wanaosema Kiwelisi walipata alama ndogo katika kurudia tarakimu kuliko watoto wa Kiingereza. Waligundua kwamba majina ya tarakimu za Kiwelisi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Kitanzi cha sauti hushika kile kinachoweza kutamkwa kwa muda wa sekunde chache. Jina likiwa refu, yatakayoenea ni machache. Akili za watoto hazikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa katika ulinganishaji.

Mwanafunzi anaweza kulipima jambo hilo kwa Kiswahili. Kuanzia moja hadi tisa, kila jina la tarakimu lina silabi mbili: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, na kuendelea. Katika Kiingereza, kati ya tarakimu hizo tisa ni moja tu yenye silabi mbili. Basi kiwango kilichowekwa London hakiwezi kuchukuliwa kuwa kiwango cha Moshi au Mombasa. Lazima kila mahali pawe na viwango vyake, vilivyopatikana kwa kuwapima wazee wenye afya wa mahali hapo.

Tatizo la elimu ni kubwa zaidi. Kipimo kimoja kilichotolewa mwaka 1975 na kuenea duniani kote humtaka mpimwaji atoe 7 katika 100 mfululizo, au aendeleze neno kinyumenyume. Maswali hayo hupima kumbukumbu tendaji, lakini humtaka mtu awe amepita shuleni. Mama ambaye hakupata nafasi ya kusoma katika miaka ya 1940 au 1950 atashindwa, na karatasi itasema ana ugonjwa asio nao.

Watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza walikabiliana na tatizo hili katika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro. Katika vijiji sita waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2013, yalionyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia baada ya hesabu kurekebishwa kwa kufuata umri, kiwango kisicho mbali na cha nchi nyingi za Ulaya. Ugonjwa wa Alzheimer uliongoza, ukifuatiwa na demensia ya mishipa ya damu.

Kutokana na kazi hiyo kilitungwa kipimo kifupi cha maswali sita, kiitwacho IDEA, ambacho hakidai kusoma wala kuandika. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani. Hutakiwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Huulizwa kiongozi wa kijiji ni nani na leo ni siku gani. Hukumbushwa orodha ya maneno aliyotajiwa kabla. Na hupanga njiti za kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa. Kutaja wanyama kunaonekana kama mchezo, lakini ndani yake msimamizi mkuu ana kazi nyingi: kutafuta, kukumbuka waliokwisha tajwa, na kuhama kutoka wanyama wa nyumbani kwenda wa porini pale wa nyumbani wanapokwisha.

Haki ya anayechunguzwa

Utafiti wa namna hii una ugumu wake wa kimaadili. Kabla ya kumchunguza mtu, ni lazima aelezwe na akubali. Lakini kukubali kunahitaji kushika maelezo, kupima faida na hasara, kisha kuamua; na hiyo ndiyo kazi ya kumbukumbu tendaji yenyewe. Kwa hiyo, mtafiti mwaminifu hueleza kwa sentensi fupi, jambo moja baada ya jingine, humwomba mzee aeleze kwa maneno yake alivyoelewa, na huwashirikisha jamaa zake wa karibu. Hata pale jamaa wamekubali, mzee akionyesha kuchoka au kukataa, jaribio husimamishwa. Tena hupangwa ili lianze na lile analoliweza na lisimalizike kwa kushindwa. Kumwaibisha mzee mbele ya watoto wake ni gharama ambayo hakuna jedwali linaloweza kuifidia.

Kinachoweza kufanyika

Hakuna dawa inayoponya ugonjwa wa Alzheimer. Zipo zinazopunguza dalili kwa kiasi, na kuanzia mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mpya zinazochelewesha kidogo kuzidi kwa ugonjwa katika hatua zake za mwanzo. Lakini bei yake ni kubwa na zinahitaji uangalizi mkali. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la Lancet lilikadiria kwamba asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kupambana na mambo 14, yakiwamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, ulevi, kutosikia vizuri, upweke na ukosefu wa elimu utotoni. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyeko darasani leo, na kipimo cha shinikizo la damu katika zahanati, ni sehemu ya kinga ya miaka hamsini ijayo.

Huko Hai na nchini Nigeria yalijaribiwa pia mafunzo ya kuchangamsha akili, yaliyoanzia Uingereza: wazee wachache hukutana mara mbili kwa juma, kwa muda wa majuma saba, wakizungumza, wakiimba na kucheza michezo waliyoizoea. Mafunzo hayo hayadai vyombo vya gharama.

Nyumbani nako kuna la kufanya, na linatokana moja kwa moja na majaribio yaliyoelezwa. Mzee mwenye demensia asemeshwe na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Redio izimwe kabla ya mazungumzo. Maagizo yatolewe moja moja: "Vaa viatu," kisha, vikishavaliwa, "Twende nje." Anapovuka mfereji au kupanda ngazi, asisemeshwe mpaka afike. Anapopika, asiachwe peke yake na moto. Na mwenye kutaka hadithi ya miembe aingoje mpaka chungu kiepuliwe.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuwaonyesha wanafunzi kazi ya kumbukumbu tendaji kwa karatasi, kalamu na saa. Wanafunzi wakae wawili wawili.

Kwanza, mmoja amsomee mwenzake tarakimu tatu, kila sekunde tarakimu moja, naye azirudie. Akifaulu asomewe nne, kisha tano, mpaka atakaposhindwa mara mbili mfululizo. Urefu wa mwisho aliouweza ndio kiwango chake. Zoezi lirudiwe, safari hii tarakimu zitajwe kinyumenyume. Wengi wataona kiwango kinashuka. Wajadiliane kwa nini.

Pili, mwanafunzi apewe karatasi yenye viduara vingi vilivyopangwa katika njia inayopindapinda, atie alama katika kila kiduara kwa kufuatana, kwa dakika mbili. Ahesabu alivyotia. Kisha arudie kwa karatasi nyingine, huku akisomewa na kurudia tarakimu za kiwango chake. Upungufu uhesabiwe kwa asilimia. Mathalani, aliyetia alama 80 peke yake na 72 katika kazi mbili amepungukiwa na 8, yaani asilimia 10. Watafiti wa Milan na Cambridge walitunga jaribio la kalamu na karatasi linalofanana na hili ili waachane na kompyuta. Wanafunzi waeleze pia kwa nini kila mmoja hupewa tarakimu za kiwango chake mwenyewe badala ya wote kupewa idadi moja.

Jaribio hili ni la kujifunza, wala si la kumpima mtu ugonjwa. Mwanafunzi asilipeleke nyumbani kumjaribia babu au bibi. Ikiwa mzee wake ameanza kupotea katika njia alizozizoea, kuunguza chakula mara kwa mara au kuuliza jambo lile lile mara kumi, mahali pa kumpeleka ni kwa mganga wa zahanati au hospitali. Huko ataangaliwa pia yale yanayofanana na demensia lakini yanayotibika, kama vile sonona, upungufu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingo, au athari ya dawa anazotumia. Baadhi ya wanaodhaniwa kuwa wamekwisha potea wana matatizo ya namna hiyo, nao wakitibiwa mapema huweza kupata nafuu.